Chunusi za Midomoni: Maswali na Majibu Kabla Hujapaka Chochote

Nitajuaje kama hiki kilichoota ni chunusi kweli?

Tazama kilipoota. Chunusi huanzia kwenye kitundu cha unywele, na mdomo wenyewe, pale unapopakwa rangi, hauna vinyweleo. Kwa hiyo chunusi halisi hukaa ukingoni: mpakani mwa mdomo na ngozi, penye sharubu, au chini kuelekea kidevuni. Ni moja, ngumu, inauma ukiigusa, na baada ya siku mbili tatu hutoa kichwa cheupe.

Kama mdomo uliwasha au kuchoma kwanza, kisha vikatoka vilengelenge vya maji vilivyobanana pamoja, hayo ni malengelenge ya kirusi cha hapesi. Mitaani husemwa "homa inatoka mdomoni". Homa huyaamsha, ndiyo, lakini hata jua kali, uchovu na hedhi huyaamsha. Si ugonjwa wa aibu: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana kirusi hicho cha aina ya 1.

Vidoa vidogo vya rangi ya maziwa ndani ya mdomo, visivyouma wala kuwasha, ni tezi za mafuta tu. Viache.

Ni chunusi. Nianzie wapi?

Nawa mikono. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika (yajaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko), kikamue, kisha kiweke juu ya chunusi kwa dakika 10, ukichovya tena kila kinapopoa. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kitambaa kiwe chako peke yako, kifuliwe na kuanikwa juani.

Usiku, osha uso kwa sabuni isiyo kali, kausha, subiri ngozi ikauke kabisa. Paka mafuta mazito ya mgando kwenye mdomo wenyewe ili dawa isivuke mpaka. Halafu weka jeli ya benzoili peroksidi ya 2.5% juu ya chunusi, kiasi cha punje moja ya mchele. Ya 10% haiponyi haraka zaidi, inababua tu. Lalia foronya nyeupe, kwa sababu dawa hii huchujua rangi ya kitambaa.

Chunusi moja hutulia ndani ya wiki moja hivi. Zikiwa zinajirudia kila mara, endelea na dawa wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema haifanyi kazi.

Si niikamue tu iishe?

Ukiikamua, sehemu ya usaha husukumwa ndani badala ya kutoka nje. Uvimbe unaongezeka, na kwenye ngozi nyeusi unabaki na doa la miezi kadhaa. Tena mishipa ya damu ya eneo kati ya pua na pembe za mdomo inaungana na ile iliyo nyuma ya macho na karibu na ubongo. Maambukizi kupanda huko ni nadra, lakini ni hatari kubwa.

Limau, dawa ya meno, kitunguu saumu, mshubiri?

Vitatu vya kwanza hapana. Limau likipigwa na jua huunguza ngozi, kitunguu saumu kibichi hutoa malengelenge, na dawa ya meno hukausha mpaka ngozi ichubuke. Mshubiri hauna neno, ila simamisha jani dakika 15 ule utomvu wa manjano uchuruzike, kwa kuwa ndio unaowasha. Osha, menya, tumia ute mweupe peke yake.

Nilipaka krimu ya dukani, zikaisha siku tatu, sasa zimerudi nyingi.

Soma tyubu. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli (dawa kali za steroidi), hapo ndipo penye tatizo. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao mara nyingi huwa na dawa hizo. Hutuliza kwa muda, kisha huzaa vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo, vikiacha utepe mwembamba wa ngozi safi ukingoni. Dawa yake ni kuiacha krimu. Wiki ya kwanza na ya pili hali huwa mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi huirudia na kuanza upya. Vumilia, osha kwa maji matupu, usipake kitu kingine. Kama umeitumia kwa miezi, mwone daktari wa ngozi akuelekeze namna ya kuiacha.

Na yakiwa malengelenge?

Krimu ya asiklovia ya 5%, mara 5 kwa siku kwa siku 5, ianze mdomo unapoanza tu kuchoma. Vikishapasuka haisaidii sana. Usishirikiane kikombe, taulo wala rangi ya mdomo.

Niende hospitali lini?

Siku hiyohiyo, kama uvimbe unasambaa shavuni, jicho linavimba au una homa kali. Kidonda kisichopona kwa wiki 2 nacho kionwe. Mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga hata mara moja, na kichanga akitoka vilengelenge au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali bila kusubiri kesho.