Chuma kikigusa lami: namna ya kukaa juu ya pikipiki kwenye kona

Waendeshaji wengi hapa Malindi huamini kwamba aliyeanguka kwenye kona ameangushwa na tairi lililoteleza. Mara nyingi ni kweli, hasa mchanga ukiwa umetapakaa juu ya lami. Lakini liko anguko jingine lisilozungumzwa sana stejini. Pikipiki inalala, kipande cha chuma kinagusa barabara, chuma kinaubeba uzito uliokuwa juu ya tairi, na tairi linanyanyuka. Likishanyanyuka, breki haisaidii wala usukani hausikii. Nafundisha waendesha pikipiki katika chuo cha udereva hapa mjini, na jambo hili naliona linahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana kinga yake imo mwilini mwa mwendeshaji mwenyewe.

Barabara zetu za pwani zimenyooka sana. Mtu anaweza kutoka Mida hadi Gede, msitu wa Arabuko Sokoke ukiwa ubavuni mwake, bila kulazimika kuilaza pikipiki hata kidogo. Kwa hiyo kona ikija, humkuta mwendeshaji ambaye mwili wake haujazoea.

Pikipiki haikati kona bila kulala. Kiasi cha kulala huamuliwa na mwendo pamoja na ukali wa kona. Chukua kona ambayo nusukipenyo chake, yaani umbali kutoka kitovu cha duara lake hadi kwenye njia yako, ni mita 30. Ukiingia kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hulala takriban nyuzi 23 kutoka wima. Kwa kilomita 50 hulala nyuzi 33, na kwa kilomita 60 hufika 43. Nguvu inayokuvuta nje hukua kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana kilomita chache za ziada hudai mengi. Uzito wa pikipiki hauingii katika hesabu hii. Bajaj Boxer ya abiria na pikipiki kubwa ya mashindano, zikipita kona moja kwa mwendo mmoja, hulala karibu sawa. Iliyo na tairi pana hulala zaidi kidogo.

Swali ni hili: yako inaweza kulala nyuzi ngapi kabla ya chuma kugusa? Hilo unaweza kulipima leo. Tafuta mahali tambarare, keti juu ya pikipiki ikiwa wima, mwenzako aishike. Mwingine mwenye futi ya kupimia atafute chuma kilichotokeza chini na nje kuliko vyote upande mmoja. Apime urefu wake kutoka ardhini, kisha apime umbali wake kutoka mstari wa katikati ya tairi. Gawanya urefu kwa umbali. Ukipata 0.58, ukomo wako ni nyuzi 30. Ukipata 0.7, ni nyuzi 35. Ukipata 1, ni nyuzi 45. Ni makadirio, kwa hiyo usiutumie ukomo huo wote. Pima pande zote mbili, kwa sababu hazilingani: kwa pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na stendi ya pembeni iko kushoto.

Tuseme kikanyagio kiko sentimita 25 kutoka ardhini na ncha yake iko sentimita 35 kutoka katikati. Hiyo ni nyuzi 35 na ushei. Sasa abiria apande, springi zibonyee hadi kikanyagio kishuke sentimita 4. Ukomo unakuwa nyuzi 31. Kwenye ile kona ya mita 30, mwendo ambao chuma kingegusa umeshuka kutoka kilomita 52 hadi 48 hivi, na hukubadilisha chochote ila kupakia mtu. Kona yenyewe nayo hukandamiza springi: pikipiki iliyolala nyuzi 30 huzibebesha asilimia 15 zaidi ya ilivyokuwa wima. Ukishika breki ya mbele ukiwa ndani ya kona, pua inazama na nafasi inapungua tena. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima, halafu ipitie kona ukivuta mafuta kidogo, kwa utulivu.

Vikanyagio vingi vya mbele hukunjika vikigusa lami, na hilo ni onyo lenye huruma. Kinachonitia hofu zaidi ni chuma cha kinga kinachochomelewa mbele ya injini, kipana kupita kiasi, na stendi kubwa ambayo springi yake imechoka ikawa inaning'inia. Hivyo havikunjiki. Stendi inayoning'inia irekebishwe siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye mwili. Kwenye viwanja vya mashindano ya dunia, pikipiki hulala zaidi ya nyuzi 60, vikanyagio vimeinuliwa juu na stendi hakuna. Hata hivyo mpanda pikipiki huning'inia ndani ya kona, goti likigusa lami. Mtindo huo ulienea sana enzi za Mmarekani Kenny Roberts, bingwa wa dunia wa 1978, 1979 na 1980. Wengi huona goti wakadhani ndilo shabaha. Shabaha ni kusogeza uzito ndani ya kona ili pikipiki yenyewe ilale pungufu ya ambavyo ingelazimika. Ni hesabu ile ile ya mabaharia wanaojitupa nje ya mashua upande unaotoka upepo ili chombo kisilale.

Kwetu faida hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa pikipiki zetu ni nyepesi. Mtu wa kilo 70 juu ya pikipiki ya kilo 120, akiusogeza mwili wake sentimita 12 ndani ya kona, huipunguzia pikipiki takriban nyuzi 4. Huhitaji kuning'inia. Sogeza kifua na kichwa kuelekea kioo cha upande unaokata, kunja kiwiko cha upande huo, bana tangi kwa goti la nje, na mikono ilegee. Kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, vidole visitokeze chini. Macho yaelekee unakotokea, si kwenye shimo unaloliogopa.

Vijana wengi hufanya kinyume: wanaisukuma pikipiki chini huku kiwiliwili kimesimama wima. Mtindo huo unafaa ukigeuza polepole kwenye mchanga au changarawe. Kwenye lami kwa mwendo wa kasi, unailaza pikipiki zaidi bila sababu, na chuma kinawahi kugusa.

Ukiwa na abiria, usisogeze nyonga. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, mwenye helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na umwambie kabla ya safari atazame juu ya bega lako la upande wa kona, asijivute kinyume. Mama zetu na dada zetu wengi huketi upande, na najua sababu ni stara. Lakini uzito na miguu yote huangukia upande mmoja, na nguo ndefu hukaribia mnyororo na spoku. Kuketi kwa kutanua miguu, nguo ikiwa imekusanywa na kukaliwa, ni salama zaidi. Anayekataa, mpeleke polepole mno kwenye kila kona.

Jambo ambalo viwanja vya mashindano havilijui ni gari linalokuja mbele. Kwenye kona ya kulia, tairi zako zinaweza kuwa ndani ya upande wako huku kichwa chako kimevuka mstari wa katikati. Malori ya chumvi kutoka Gongoni hayana nafasi ya kukukwepa. Kaa kushoto vya kutosha ili hata helmeti ibaki upande wako.

Na chuma kikikwaruza ukiwa katikati ya kona, usishtuke ukainua pikipiki, maana utatoka nje ya njia. Usifunge mafuta ghafla, usikamate breki. Peleka kifua na kichwa ndani zaidi, legeza mafuta kidogo kidogo, tazama mwisho wa kona, na uiache pikipiki isimame yenyewe barabara ikinyooka. Kisha egesha kando, uinamie utafute alama ya mkwaruzo. Ikiwa kwenye kikanyagio, mwendo wako ulizidi. Ikiwa kwenye stendi au chuma cha kinga, usipakie mtu mpaka fundi akione.