Maziwa hayaondoi sumu ya gundi

Kwa mafundi wa makubadhi Lamu utasikia kwamba glasi ya maziwa jioni husafisha kifua kilichovuta gundi kutwa. Si kweli. Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa gundi huingia mapafuni, ukapita kwenye damu hadi ubongoni. Ndiyo maana kichwa huuma na kizunguzungu huja. Gundi yenye heksani, kemikali ya kuyeyushia gundi, ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu: vidole hufa ganzi, fundi akashindwa kushika sindano. Hili linaniuma, maana mkono ndio riziki yake. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii mvuke. Ndugu zangu, pakeni gundi nje barazani, penye upepo, na kopo lifunikwe kila mnapomaliza kupaka.