Kanseri, seli zenye kukataa kufa: maswali mnatuuliza sana hapa Bukavu

Njo kusema seli zangu zinakufa kila siku na mimi niko mzima? (mama wa Kadutu)

Ndiyo mama, seli ni zile chembe ndogo zenye kujenga mwili, zinakufa mabilioni, na mwili unajenga zingine. Hata vidole vyako: tumboni mkono ulianza kama kipande kimoja cha bapa, seli za katikati zikakufa, njo vidole vikaachana. Kifo hiki kinaitwa apoptosisi, jina lilitolewa 1972. Seli inajikunja, inajikata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, seli zingine zinavimeza, hakuna usaha. Ni kama mtu wa Kadutu anabomoa nyumba yake ubao kwa ubao na jirani hapati hata vumbi. Seli yenye kuungua na moto, ile inapasuka, njo maana unavimba.

Nani anaamua seli ife? (mwanafunzi wa Ibanda)

Proteini, vile vifaa vidogo vyenye kufanya kazi ndani ya seli, na hazisikilizanake. BCL-2 inazuia kifo, BAX na BAK zinakileta. Juu ya BCL-2 kuna kifereji, mule njo inashikilia kipande cha proteini za kifo chenye kuitwa BH3, na ikikishika vile kila kitu kinatulia. Sasa seli ikiharibika sana, proteini zenye BH3 zinakuja mingi, zinajaza kifereji, BAX na BAK zinabaki huru, zinatoboa ngozi ya mitokondria (kile kiwanda cha nguvu ndani ya seli) na proteini moja yenye kuitwa sitokromu c inamwagika inje. Hapa njo panashangazaka: sitokromu c kazi yake ya kila siku ni kusaidia kutoa nguvu, lakini ikitoka tu mule ndani inakuwa amri ya kifo. Inashikana na proteini ingine, Apaf-1, Apaf-1 saba zinapanga duara, duara inaamsha kaspasi-9 (kaspasi ni proteini zenye kukata zingine), nayo inaamsha kaspasi-3, ile sasa inakata-kata proteini za seli paka mwisho.

Na kanseri inaingilia wapi?

Mara mingi hapo hapo. Kuna proteini p53, yenyewe inachunguza ADN, yale maandishi ya urithi ndani ya seli: ikikuta imeharibika inasimamisha seli, isipotengenezeka inaamuru ife. Karibu nusu ya kanseri za watu, jeni ya p53 imeharibika. Kwa kanseri ya mlango wa kizazi ni ujanja mwingine, jeni iko sawa lakini virusi vya HPV viko na proteini E6 yenye kupeleka p53 ivunjwe kila ikitengenezwa. Kwa hiyo mama, usingoje maumivu. Damu kisha kulala na bwana, ao damu kurudia wakati siku zilishakatika, nenda waangalie. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye shida panageuka peupe, ni dakika chache.

Kuna dawa ya kuamsha kifo hicho?

Iko. Venetoklaksi, Marekani waliikubali 2016 kwa kanseri fulani ya damu, inakaa ndani ya kile kifereji cha BCL-2, njo BCL-2 inashindwa kuzuia kifo. Shimio (dawa kali za kanseri) za zamani pia zinasukuma seli kufa, sema hazichague vizuri, njo maana nywele zinaanguka.

Na mubirizi, yale majani machungu? Walisema inaua kanseri (papa wa Bagira)

Papa, kuua seli ndani ya kisahani cha laboratwari haiko kazi ngumu, hata javeli ya kufulia inaweza. Shida ni kuua zile mbaya na kuacha zako. Kama unakunywa tayari, usifiche, mwambie munganga unakunywa nini na kiasi gani, juu dawa zingine za majani zinagongana na shimio.