Tai wako amesahihishwa, hujatukanwa: dhana potofu kuhusu ukarimu wa watazamaji ndege mtandaoni

Nafundisha waongoza watalii kutambua ndege. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo ni kuwaingiza kwenye majukwaa ya watazamaji ndege wa dunia nzima: iNaturalist, eBird, na makundi ya Facebook ya ndege wa Afrika. Wanaingia na ari kubwa. Baada ya muda naona wamenyamaza, na nikiwauliza jibu ni lile lile: "Mwalimu, kule watu wana dharau." Juzi nimeambiwa hivyo tena, na kijana mwenye jicho kali kuliko wengi niliowahi kuwafundisha, na uvumilivu umeniishia. Basi hizi hapa dhana zinazowanyamazisha, moja moja.

"Asiyenisalimu wala kunisifu ananidharau"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowafukuza watu wazuri.

Kijana huyo alipiga picha ya tai kule Ndutu, karibu na Serengeti, baada ya mvua kunyesha. Tai ametua chini kwenye majani mafupi, anaokota kumbikumbi. Akampandisha kama Aquila rapax, yule tai wa kahawia tunayemwona mwaka mzima. Komenti za kwanza zilitoka Marekani: picha ya ajabu, asante kwa kutuonyesha, Tanzania ni ndoto yangu ya siku nyingi, na mioyo myekundu kibao. Kisha akaja Mrusi mmoja na maneno machache: "Si rapax. Pembe ya mdomo imefika nyuma ya jicho. nipalensis." Hakuna "habari yako", hakuna "hongera". Kijana akafuta picha.

Hebu isomeni vizuri hiyo komenti. Tai hawa wawili huwachanganya hata wenye uzoefu, maana wote ni wakubwa, wote ni kahawia, na rangi yao hubadilika kwa umri na kwa kuchakaa kwa manyoya. Lakini angalia mstari wa njano kwenye pembe ya mdomo. Kwa rapax mstari huo huishia chini ya katikati ya jicho. Kwa Aquila nipalensis, yaani tai wa nyika, huendelea hadi usawa wa nyuma ya jicho. Hiyo ni alama utakayoitumia maisha yako yote ya kazi, mbele ya wageni waliolipa pesa nyingi kukusikiliza, na Mrusi yule aliitoa bure. Wote waliotuma mioyo, hakuna hata mmoja aliyesema kama tai ametajwa sawasawa.

Na kwa nini awe Mrusi? Kwa sababu nipalensis huzaliana kwenye nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, kisha hushuka huku kwetu kuanzia Oktoba au Novemba na kukaa hadi kiasi cha Machi. Tangu 2015 yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo picha ya Ndutu, kwa mtu wa kule, ni habari za ndege wake aliyeondoka na baridi. Alisimama, akaikuza picha, akapima mstari wa mdomo, akaandika. Mwenye dharau hafanyi kazi yote hiyo, anapita tu.

Najua inakouma. Kwetu huanzi na shida kabla ya salamu. Ukimpita mzee bila shikamoo umemvunjia heshima, na mtu akikosea humsahihishi mbele za watu, unamwita pembeni. Tumelelewa hivyo na sitaki tuache. Kosa ni kumpima kwa kipimo hicho mtu aliyelelewa kwingine. Kwa Warusi wengi, tabasamu ni la mtu unayemjua, au la jambo lenye kufurahisha kweli. Kumtabasamia mgeni bila sababu huonekana unafiki au upungufu. Mwaka 2016 Kuba Krys na wenzake walitoa utafiti uliofanyika katika tamaduni 44, watu wakionyeshwa nyuso zinazotabasamu na zisizotabasamu na kuambiwa wazikadirie. Urusi ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo anayetabasamu alionekana ana akili ndogo kuliko asiyetabasamu. Japani vivyo hivyo. Ujerumani ikawa kinyume chake. Basi na hiyo kauli yenu ya "Wazungu wako hivi" iacheni, maana hata Wazungu wenyewe kwa wenyewe hawafanani.

Tena jukwaa lenyewe limejengwa juu ya kupingana. Kwenye iNaturalist, rekodi haifikii daraja la utafiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya waliomtambua kiumbe huyo wakubaliane. Ikifika huko, kwa kawaida hupelekwa kwenye hazina ya takwimu ya GBIF, ambako watafiti wa dunia nzima huichukua. Mtu akibandika jina tofauti chini ya picha yako bila neno lolote, amepiga kura. Hakuja kuongea na wewe. Amekuja kwa ajili ya ndege.

Kama bado unaamini watu hao wana moyo mkavu, sikiliza kisa cha mwaka 2019. Watafiti wa Urusi walikuwa wamewafunga tai hawa hawa vifaa vinavyotuma ujumbe wa simu kuonyesha walipo. Tai mmoja aliyeitwa Min alikaa Kazakhstan sehemu zisizo na mtandao, kisha akaingia Iran na ujumbe wote uliorundikana ukatumwa kwa bei ya huko. Pesa za mradi zikakauka. Watafiti wakaomba umma uwachangie salio la simu ya tai, na watu wakachanga, hata kampuni ya simu ikakubali kubeba deni. Wananchi wa kawaida wa Urusi walitoa pesa mfukoni ili ndege aendelee kutuma ujumbe. Mapenzi yao yako hapo. Usiyatafute kwenye komenti.

Sisemi ubaguzi haupo. Mei 25, 2020, Christian Cooper, mtazamaji ndege mweusi, alimwomba mwanamke mzungu amfunge mbwa wake kamba katika bustani ya Central Park, New York, na mwanamke yule akawapigia polisi akidai Mmarekani mweusi anamtishia. Siku chache baadaye watazamaji ndege weusi wa Marekani wakaanzisha wiki yao, Black Birders Week, na wakaeleza mengi wanayokutana nayo porini. Ubaguzi una sura yake: unamsema mtu, nchi yake, rangi yake, Kiingereza chake. Ukikutana nao, ripoti na uzuie, usibishane. Lakini komenti inayosema juu ya mdomo, jicho na mabawa ni somo, na mwanafunzi wangu anayelikimbia somo ananivunja moyo.

"Wananidai ushahidi kwa sababu mimi ni Mwafrika"

Wanamdai kila mtu. Uingereza, mwaka 1962, jarida la British Birds lilichapisha uchambuzi wa rekodi za ndege adimu kutoka eneo la Hastings, zilizokusanywa kati ya 1892 na 1930. Zilikuwa nyingi kupita kawaida, na hitimisho likawa kwamba haziaminiki: inadhaniwa ndege wengi waliuawa nje ya nchi, wakaletwa wakiwa wameuawa tayari na kuuzwa kama wa Uingereza. Spishi na nususpishi 29 ziliondolewa kwenye orodha ya taifa, ingawa nyingi zimerudishwa baadaye kwa rekodi nyingine. Waliodanganya hivyo walikuwa Waingereza, wakiwadanganya Waingereza wenzao. Tangu 1959 kuna kamati inayokagua kila dai la ndege adimu nchini humo, na profesa na fundi bomba wanajaza fomu ile ile.

eBird, iliyoanza 2002 chini ya Chuo Kikuu cha Cornell, imeurithi utamaduni huo. Ukiandika idadi kubwa mno, au ndege asiyetarajiwa mwezi huo, mfumo unasimamisha rekodi na mhakiki wa kujitolea anakuandikia akitaka maelezo au picha. Mjibu. Wengi hawajibu, wananuna, na rekodi nzuri ya ndege wetu inabaki haijathibitishwa. Hapo aliyepoteza ni nani?

"Nimesifiwa na Wamarekani, basi nimepatia"

Upande wa pili wa dhana ya kwanza, na una hasara zake. Sifa za Wamarekani ni za kweli. Wanafurahi kweli, wala hawakudanganyi. Ila wanachosifu ni kwamba umeshiriki. Kuna utafiti wa 2015, wa Magdalena Rychlowska na wenzake, uliokuta kwamba nchi zilizojaa wahamiaji kutoka sehemu nyingi huwa na desturi ya kuonyesha hisia waziwazi zaidi, na inaingia akilini: watu wasiofahamiana mila wala lugha huhitaji ishara ya haraka kwamba mimi si adui yako. "Picha ya ajabu" kwa Mmarekani ni karibu na "karibu, ingia ndani" ya kwetu. Mshukuru. Kisha rudi utafute nani amezungumzia ndege.

Nimewaona vijana wakiweka sifa hizo kwenye wasifu wa kazi kama cheti. Msifanye hivyo. Mwajiri anayejua ndege atafungua picha, ataona jina limekosewa, na mazungumzo yataishia hapo.

"Mwingereza ameuliza tu, hajapinga"

Mwingereza mzoefu akiandika, "Je, umewahi kumfikiria spishi fulani?", amekwisha kukukatalia. Akisema, "Inavutia, ningependa kuona picha nyingine," hajashawishika hata kidogo. Mtu wa pwani anayelijua fumbo anapaswa kulielewa hili kuliko wote. Msimjibu, "Ndiyo, nimemfikiria, asante." Fungueni kitabu.

"Tabasamu la alama ni lile lile kila mahali"

Si kweli. Alama ya nukta mbili, kistari na mabano, :-), ilipendekezwa na Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Septemba 19, 1982, na tabasamu lake liko mdomoni. Wajapani walitengeneza zao, (^_^), ambamo tabasamu liko machoni. Warusi huandika mabano matupu, ) au ))), bila macho. Kwa hiyo yule Mrusi mwingine mliyenilalamikia kwamba "hata kuandika hajui, ameacha mabano mwishoni" alikuwa anawatabasamia.

"Sisi ndio wakarimu, wabadilike wao"

Ukarimu wetu nao unaleta matatizo, na hili hampendi kulisikia. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp mtu akipandisha kipanga na kumwita furukombe, zinamiminika hongera, hongera kaka, picha kali sana. Anayejua anakaa kimya asimwaibishe mwenzake, au anamwandikia pembeni, na wengine wote waliomo kundini wanalala na jina la uongo. Baada ya muda unalisikia jina hilo likitajwa kwa mgeni ndani ya gari.

Huko nje nako tunaeleweka vibaya. Kijana anamtumia mhakiki ujumbe wa faragha: "Hello my dear, how are you today?" Kisha anasubiri ajibiwe ndipo aulize. Kwetu huo ni uungwana. Mtu wa Ulaya au Marekani amezoea kuupata mwanzo kama huo kutoka kwa matapeli wa mtandaoni, na hata asipokuhisi vibaya, salamu peke yake inamwacha hajui unataka nini, basi anafunga. Halafu mnaniambia hawajibu! Salimu, ndiyo, ila salamu na swali viwe kwenye ujumbe mmoja, na neno "dear" libaki kwa watu mnaofahamiana.

Nitarudia kwa hawa wapya ninachokisema kila darasa. Pandisha angalau picha mbili, moja ikiwa ya kichwa kwa ubavu, mdomo na jicho vikionekana. Andika mahali, tarehe, na ndege alikuwa anafanya nini. Kumbikumbi wale wa Ndutu nao walikuwa kidokezo. Andika pia sababu tatu zilizokufanya umwite jina ulilomwita. Ukitoa sababu, hata mkavu kuliko wote ataacha kusema "hapana" tupu, atakuambia ni sababu ipi imekosea. Ukisahihishwa, shukuru kwa mstari mmoja, badilisha jina, uliza swali moja juu ya alama hiyo. Na picha usiifute. Yule kijana nimemwambia airudishe ya Ndutu wiki hii, kwa jina la nipalensis, na maelezo ya mdomo yawe yake mwenyewe.