Mjomba, kiweke kwanza hicho kichupa

Mwezi huu ni mjomba wa tatu. Kijana alidondoka mnazini huko Mikindani, kavunjika uti wa mgongo, T10 (pingili ya kumi ya kifuani), na wiki ya sita hii mapaja yamenywea. Mjomba malipo ya korosho yameingia, kaja na kichupa cha testosteroni, homoni ya kiume, cha duka la dawa. "Dokta, nguvu za kiume zimemwishia huyu. Mchome hii, misuli irudi atembee."

Mimi ni wa fiziotherapia, sichomi homoni. Ila nilijibu.

Misuli imenywea kwa kukosa amri ya ubongo na kukosa mzigo. Testosteroni haiungi uti. Hilo limeisha.

Kinachonikera ni kipimo. Kweli, wanaume wengi waliovunjika uti homoni hii huwashuka. Lakini mtu anapimwa saa nane mchana, wiki ya pili tu, ana homa ya mkojo na tramadoli, dawa kali ya maumivu, imejaa mwilini, halafu naletewa karatasi: "iko chini". Itakosaje kuwa chini? Ugonjwa mkali huishusha, tramadoli na ndugu zake huishusha, na hata kwa mzima wa afya yake, ya jioni haifikii ya asubuhi. Pima asubuhi, siku mbili tofauti, mwili ukishatulia. Ikiwa chini bado, kamwone daktari.

Hata hapo, homoni bila kazi ni mbolea juu ya saruji. Marekani walijaribu viraka vya testosteroni vya kubandika kwenye ngozi kwa wiki 16: waliovaa kiraka na kufanyishwa mazoezi kwa umeme, mapaja yalijaa, kiraka peke yake, bila mazoezi, hakikufua dafu. Na umeme wenyewe unataka misuli inayoitika. Aliyeumia chini kabisa ya uti, miguu tepetepe, mashine zetu za kawaida hazimwamshi.

Halafu kuna miguu kurukaruka yenyewe. Ndugu wanaichukia, wanaomba baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, iongezwe, kumbe kule kukakamaa hulinda misuli kidogo. Kila dozi ikipanda mgonjwa analala vizuri, nami nabaki na wasiwasi tumemnyang'anya nini.

Mjomba bado alikuwa kakishika kichupa. Nikamwambia testosteroni ya kuchomwa hupunguza mbegu, na huzidisha uzito wa damu kwa mtu ambaye miguu yake tayari iko hatarini kugandisha damu. Kijana ana miaka 24, hana mtoto. Muuza dawa hakulitaja hilo.

Kichupa kikaingia mfukoni.

"Sasa mie nifanye nini?"

"Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda, mjomba. Na usiku."

"Na usiku?"

"Na usiku."