Oksijeni moja tu kati ya DNA na RNA

Juzi mwanafunzi ninayemfundisha kazi za maabara hapa Mombasa aliniuliza: "Mwalimu, mbona DNA twaiacha mezani, lakini RNA haibanduki kwenye barafu?" DNA ndiyo ibebayo maagizo ya urithi, na RNA hunakiliwa kutoka kwake. Swali lilinifurahisha, maana jibu lake ni atomu moja ya oksijeni.

Aliyeona kamba ya usumba ikisokotwa ameshaijua nusu ya umbo la DNA: nyuzi mbili zimezungukana kuelekea kulia, ila moja yapanda na mwenzake yashuka. Kwa ndani zimeshikana kwa jozi za herufi zake nne: adenini na timini, guanini na sitosini. Kila mzunguko una jozi kama 10.5, na upana wake ni nanomita 2. Hilo ni umbo B, lililoenea katika seli zetu zilizojaa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko London, mwanasayansi Rosalind Franklin aligundua kuwa DNA ikipungukiwa na unyevu hufupika na kunenepa ikawa umbo A, jozi 11 kwa mzunguko. Ikirudishiwa unyevu, yarefuka tena. Mimi naupenda ugunduzi huo kuliko hata picha yake mashuhuri ya DNA kwa eksirei. Liko pia umbo Z, lipindalo kushoto, lakini ni nadra.

RNA mjumbe, yaani mRNA, ni uzi mmoja ulionakiliwa kutoka kwenye jeni, kipande cha DNA chenye maagizo ya protini, nao una urasili mahali pa timini. Kichwani ina kofia, nyuma ina mkia mrefu wa adenini, na ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, huisoma herufi tatu tatu kuanzia AUG. Sukari iliyo kwenye uti wa uzi wake ndiyo yenye ile oksijeni ambayo sukari ya DNA haina. Oksijeni hiyo hubana nafasi, kwa hivyo RNA inapojikunja na kushikana yenyewe hulazimika kukaa kwa umbo A. Tena hugeuka ikaivamia fosfeti ya jirani, kiungo cha uzi, uzi ukakatika. Joto huharakisha jambo hilo, na vimeng'enya vilivyomo kwenye jasho la vidole vyetu hupitia mlango huohuo.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ndani ya seli huuawa, na ni lazima: mkia hupunguzwa, kofia huvuliwa, uzi hutafunwa, wengine baada ya dakika chache, wengine baada ya saa nyingi. La sivyo protini ingeendelea kutengenezwa hata isipohitajika.

Nilipomaliza, kijana alivua glovu alizoshikia simu, akavaa mpya, ndipo akaigusa chupa ya RNA.