Bunduki ya kuagiza kwa fundi: saa 40 si siku tano

Swali ni lile lile, na limeshachosha masikio: "Fundi, wewe mwenyewe ulisema kazi ni ya saa 40. Mbona huu mwezi wa nane?" Anayeuliza ameshapiga hesabu yake kabla hajanyanyua simu. Saa 40, gawa kwa 8, siku tano. Miezi iliyobaki, kwa maoni yake, ni uongo wa mafundi. Hesabu hiyo ina makosa mawili, na hatuendi popote mpaka tuimalize.

Dhana: Kazi ya saa 40 huisha ndani ya wiki

Kosa la kwanza ni kusahau foleni. Fundi anayefanya kazi peke yake hapati saa 8 za mezani kwa siku. Kuna kupokea wateja, kujaza daftari la silaha, kuagiza vipuri, kunoa zana, na kurudia kazi ya jana iliyogoma. Akipata saa 25 za kazi halisi kwa wiki amejitahidi. Sasa mpe kazi 25 zilizotangulia yako, kila moja ya saa 20. Hizo ni saa 500, yaani wiki 20 kabla skrubu ya kwanza ya bunduki yako haijalegezwa. Na hapo hajaugua hata siku moja.

Kosa la pili ni kudhani kwamba saa zenyewe zinafuatana. Tazama kitako. Gogo la mjozi lenye unene wa sentimita 6 likikaushwa kwa hewa tu linahitaji takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5, na halichongwi mpaka unyevu wake ushuke hadi asilimia 10 au chini kidogo. Wengi hununua mbao iliyokwisha kukauka, lakini hata hiyo hukaa karakanani wiki kadhaa izoee hewa ya pale. Ukiichonga mbichi, itajipinda baada ya mtambo (sehemu ya chuma inayobeba bolti na kifyatulio) kuingia, ianze kuusukuma mtutu upande mmoja, na shabaha ihame kila hali ya hewa inapobadilika. Mteja atarudi akilalamikia darubini.

Kikishachongwa, kitako hupigwa msasa namba 220, kikalowanishwa kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, kikakauka, kikapigwa msasa tena. Hivyo mara tatu, ukipanda hadi 320 na 400. Ndipo mafuta ya kitani yaingie. Mafuta haya hayakauki kama maji. Hukauka kwa kunyonya oksijeni, taratibu. Tone moja linasuguliwa kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, linafutwa, kisha unasubiri siku nzima au zaidi. Kitako kizuri hunywa mikono 10 hadi 20. Kila mkono ni dakika 15 za kazi. Jumla ya kazi haizidi saa 5, lakini kalenda imekula wiki tatu au nne. Anayetaka kuokoa muda hupaka mafuta mazito mara mbili. Akifanya hivyo anapata utando unaonata kama asali, na dawa yake ni kukwangua yote na kuanza upya.

Chuma nacho kina mambo yake. Rangi ya buluu-nyeusi ya njia ya kutu hupatikana kwa kupaka dawa nyembamba, kuuacha mtutu kwenye sanduku lenye unyevu kwa saa kadhaa mpaka ushike kutu laini nyekundu, kisha kuuchemsha ndani ya maji safi kwa dakika 10 hadi 15 ili kutu ile igeuke nyeusi, halafu kuisugua kwa brashi laini ya waya. Huo ni mzunguko mmoja. Inatakiwa mizunguko 5 hadi 10, na alama moja ya kidole chenye mafuta inakurudisha mwanzo. Mara nyingi mteja husema: "Si kuna ile ya chumvi ya moto, inaisha siku moja?" Ipo, na kwa bunduki nyingi za mtutu mmoja inafaa kabisa. Lakini bunduki ya mitutu miwili iliyoungwa kwa lehemu laini haiingizwi humo. Watu hudhani lehemu itayeyuka. Haiyeyuki: birika la chumvi huwa kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na lehemu ya bati na risasi huyeyukia kwenye 183. Tatizo ni magadi makali yaliyomo. Yanaila lehemu, tena yanajificha chini ya utepe unaounganisha mitutu na kuendelea kula kutoka ndani. Miezi michache baadaye utepe unaachia.

Ongeza mtutu wenyewe. Fundi wa kawaida hatengenezi mtutu. Anauagiza kwa mtengenezaji mwenye foleni yake, na usipofika hakuna cha kufanya. Ukifika, kuukereza na kuchonga chemba (tundu inamokaa risasi) ni kazi ya siku moja au mbili, lakini ni siku isiyokubali simu. Chemba inachongwa mpaka bolti (komeo linaloziba nyuma ya mtutu) ifunge juu ya geji ya kukubali, kipande cha chuma cha kupimia, na ikatae kufunga juu ya geji ya kukataa. Tofauti kati ya geji hizo mbili, kwa risasi nyingi za raifo, haifiki sehemu 2 za 10 za milimita. Ukizidisha, ganda la risasi halina pa kuegemea, linanyooka, na linaweza kukatika karibu na kitako chake. Gundi ya epoksi ya kulazia mtambo kwenye kitako nayo inataka saa 24 bila kuguswa. Na fundi aliyesahau kupaka nta ya kuzuia kunata amegandisha mtambo wa mteja ndani ya mbao. Katika nchi wanachama wa C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha ndogo iliyoanza 1914, silaha iliyowekewa mtutu mpya hupelekwa pia kwenye nyumba ya majaribio ipigwe risasi zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kugongwa muhuri. Huko nako kuna foleni.

Kwa hiyo unapomwambia fundi aharakishe, ujue unamwomba aharakishe nini. Foleni utaipita kwa kumkanyaga mwenzako tu, na mafuta ya kitani hayana mjomba wa kumbembeleza.

Dhana: Fundi bora yuko kimya kwa sababu yuko kazini

Hapa mnaoudhi ni nyinyi mafundi wenzangu, na wateja wamewazoesha vibaya kwa kuiamini. Kungoja ni sehemu ya kazi. Kunyamaza si sehemu ya kazi. Ujumbe wa mistari miwili mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile, kwa kila mteja aliye kwenye daftari, unachukua jioni moja: "Bunduki iko hatua hii. Inasubiri kitu hiki. Nitakuandikia tena tarehe 5." Hata kama jibu ni "hakuna kilichosogea, mtutu haujafika", liandike. Mteja anavumilia mwezi wa kumi kirahisi kuliko wiki ya tatu isiyo na neno. Na tarehe ya kumaliza isitolewe kabla ya vipuri vyote kuwa mezani. Anayetaja tarehe siku ya kupokea arubuni anataja ndoto yake.

Mteja naye ajifunze kuuliza. "Imeisha?" ni swali baya, jibu lake ni "bado", na nyote wawili mnabaki pale pale. Uliza: "Iko hatua gani, na inasubiri nini?" Fundi anayefanya kazi atajibu papo hapo. Anayejibu "inaendelea vizuri" mara tatu mfululizo hajaigusa. Mwombe picha ya bunduki yako ikiwa pale mezani, namba yake ikionekana. Picha ikikosekana mara mbili, panga siku uende ukaione.

Dhana: Nikipiga simu kila siku, kazi itasogea

Itarudi nyuma. Fundi aliyeondolewa kwenye mashine ya kukereza katikati ya kipimo lazima apime tena kuanzia sifuri. Piga mara moja kwa mwezi, au andika.

Dhana: Arubuni ikilipwa, kazi imeanza

Arubuni imekununulia nafasi kwenye foleni na, mara nyingi, vipuri. Basi. Ndiyo maana malipo yagawanywe: ya vipuri kwanza, mengine kwa hatua zinazoonekana, na salio siku ya kuchukua. Ukilipa yote mwanzoni umejitoa kwenye orodha ya watu wanaofikiriwa. Risiti iseme pesa ni ya nini, na itakuwaje vipuri visipopatikana.

Dhana: Tumeelewana kwa mdomo, inatosha

Haitoshi. "Kitako kifupi kidogo" ni milimita ngapi? Karatasi ya kazi iwe na namba ya silaha, aina ya risasi kwa jina lake kamili, urefu wa mtutu na msokoto wake (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi), uzito wa kifyatulio kwa gramu, umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa milimita, bega la kulia au la kushoto, na picha za mikwaruzo iliyokuwepo tayari. Ugomvi mwingi unaoitwa wa ucheleweshaji, ukiufungua, ni wa vipimo: bunduki ilikuwa tayari mapema, ikakataliwa, ikarudi mwisho wa foleni.

Dhana: Naweza kubadili mawazo kazi ikiwa katikati

Unaweza, kwa upande mmoja tu: ule wa kuondoa. Kitako kinakatwa, hakirefuki bila kuongezewa kipande kinachoonekana. Chemba inaweza kuchimbwa zaidi ipokee ganda refu na nene zaidi, ikiwa mtambo na magazini vina urefu wa kutosha, na mara nyingi havina. Kinyume chake lazima mtutu ukatwe nyuma na uzi uchongwe upya. Msokoto wa ndani ya mtutu haubadiliki kabisa. Kila badiliko liandikwe kwenye karatasi ile ile pamoja na siku zilizoongezeka, na wote wawili watie sahihi.

Dhana: Siku ya kuchukua ni ya kulipa na kuondoka

Hakikisha kwanza haina risasi. Kisha mwombe fundi aingize geji zote mbili mbele yako, uone bolti ikifunga na ikikataa. Pima kifyatulio kwa mizani mara tano. Vipimo visipokaribiana, kiache hapo. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako kama mtutu uliagizwa uelee; kikikwama, mbao inagusa. Omba karatasi ya shabaha aliyojaribia, yenye tarehe, umbali na aina ya risasi. Salio lako litoke mfukoni baada ya hapo.